Binti aliyeondoka gizani

Jamani wa nyumbani! Najua nimepotea. Wengine mmeshaanza kuulizana kama nimeolewa kimya kimya huku Sharjah... hapana, ni zamu za usiku tu. Leo niko mapumziko, kwa hiyo naandika lile ambalo nimelibeba kichwani tangu mwezi uliopita. Ni refu, tengeni chai kabisa.

Habari yenyewe ni kitabu. Namsikia Mama Mkubwa anaguna hapo: tumemwomba azungumze na mtoto, yeye anatuletea hadithi! Subirini. Ombi lenu nimelipata. Kaka amenipigia mara tatu, na Baba Mdogo kanitumia ujumbe wa sauti wa dakika saba (Baba Mdogo, shikamoo, lakini dakika saba!). Mnataka mimi shangazi mtu nimwambie binti wa Kaka aiache ile nafasi ya kwenda China kusoma hisabati. Eti mtoto wa kike, eti mbali, eti hata hapo Dar hisabati zipo. Jibu langu limo humu humu, ila lazima lipitie kwanza kwenye kitabu, maana bila hicho kitabu nisingejua namna ya kulisema.

Hapa Sharjah kila mwaka mwezi wa Novemba kuna maonyesho makubwa ya vitabu. Watu wanatoka na vitoroli vimejaa kama wanatoka sokoni. Nilikwenda na wenzangu wawili wa wodini, mmoja Mfilipino, mwingine wa Kerala. Napita kwenye meza moja ya vitabu vya Kiingereza, macho yakagonga neno la kwetu kabisa: BINTI. Jaladani kuna msichana mweusi anajipaka udongo usoni kwa vidole. Nikakishika kwa furaha nikidhani ni Kiswahili. Kumbe ndani ni Kiingereza, na aliyekiandika ni Nnedi Okorafor, Mmarekani aliyezaliwa na wazazi Wanaijeria, Waigbo. Yule kijana Mwarabu aliyekuwa anauza alitabasamu, akaniambia hata kwao ni neno lao, ila maana yake "binti yangu". Hilo nilikuwa nalijua. Wazee wa Kiarabu wodini ndivyo wanavyoniita wakitaka maji au wakitaka mto usogezwe. Mara ya kwanza kuitwa hivyo, mwaka 2016, nilikuwa na wiki mbili tu hapa, na nilikwenda chooni nikalia kidogo kisha nikarudi kazini. Basi kitabu nikakinunua kwa ajili ya jina tu. Chembamba, hakifiki kurasa mia moja. Nilikisoma kwa zamu mbili, wagonjwa wakiwa wamelala.

Nitawasimulia, na anayetaka kukisoma mwenyewe bila kujua mwisho aruke chini.

Binti ana miaka 16. Ni Mhimba, wale watu wa kaskazini magharibi mwa Namibia ambao mmewaona kwenye picha, wanawake zao wamejipaka mwili na nywele udongo mwekundu uliochanganywa na siagi. Udongo huo wanauita otjize. Unazuia jua, unazuia wadudu, unasafisha ngozi mahali ambapo maji ni ya shida. Mwandishi amewachukua Wahimba hao akawapeleka mbele kwenye zama zijazo, watu wanasafiri kati ya nyota kama sisi tunavyopanda basi la Dar. Na humo Wahimba si watu wa kupigwa picha na watalii. Ndio mafundi! Baba yake Binti anatengeneza astrolabu bora kupita zote. Astrolabu ya kweli nimeiona kwa macho yangu kwenye Makumbusho ya Ustaarabu wa Kiislamu hapa hapa Sharjah: sahani ya shaba imechorwa mistari, watu wa zamani walipimia nyota na kujulia nyakati za sala. Kwenye kitabu imekuwa kitu kama simu, kitambulisho na kumbukumbu ya maisha yako yote kwa pamoja.

Binti amerithi mkono wa baba, lakini kipaji chake hasa ni hisabati. Amepata nafasi kwenye chuo kikuu kiitwacho Oomza, kiko sayari nyingine, na wanafunzi wengi huko hata si binadamu. Hakuna Mhimba aliyewahi kwenda. Wahimba hawaondoki kwenye ardhi yao, basi. Familia wamecheka, wamekasirika, wamemwambia atakosa mume. (Mnacheka nini?) Basi siku hiyo kabla hakujapambazuka, nyumba nzima imelala, Binti anabeba mzigo wake na chupa ya otjize anaondoka. Hakumuaga mama, hakumuaga baba.

Hapo nilifunga kitabu nikaenda kupima presha za watu. Nitaparudia.

Kituoni wanaanza kumshangaa. Kuna kabila lenye nguvu, Wakhoush, ambao wanawadharau Wahimba ingawa astrolabu wananunua kwao. Mwanamke mmoja anazishika nywele zake kwa nyuma bila hata kuomba, na wanasemana juu ya harufu yake. Dada zangu mlio nje mnaijua hiyo foleni. Mimi nimeshaombwa na ndugu wa mgonjwa, kwa adabu kabisa, nimwitie nesi, nikiwa nimesimama mbele yake na sare, kitambulisho kifuani na sindano mkononi. Nikamjibu nesi amefika, nikaendelea na kazi. Sasa ni hadithi ya kuchekesha tu hapa nyumbani.

Chombo chao cha angani ni kiumbe hai, mfano wa kamba mkubwa ajabu. Humo ndani Binti kwa mara ya kwanza anapata marafiki wanaopenda namba kama yeye. Kuna kijana mmoja anazitazama nywele zake zilivyosukwa, pembetatu ndani ya pembetatu, akagundua zina mpangilio, kuna hesabu pale. Ni kweli, baba yake ndiye aliyeubuni, na historia ya ukoo wao imesukwa kichwani kwake. Nilipafurahia sana hapo. Halafu wakiwa wamekaa kula, wanaingia Meduse. Ni viumbe kama konyeza, wale wa baharini laini kama rojo la uwanga wanaotuwasha miguu, lakini hawa wakubwa, wanaelea hewani na wana mwiba. Wanaua kila mtu. Yule kijana anakufa mbele yake. Wanabaki hai rubani, ambaye wanamhitaji, na Binti, kwa sababu amebeba kidude cha kale cha chuma alichokiokota jangwani utotoni, na Meduse wakimgusa kinawadhuru. Anajifungia chumbani. Nje ya mlango wako wauaji wa rafiki zake.

Mimi nilidhani sasa ndipo hisabati itawapiga. Sinema tumezoea hivyo, mwenye akili anakokotoa, anabonyeza, adui analipuka. Hapana. Binti anatumia namba kwanza kujituliza. Anarudiarudia milinganyo kichwani mpaka akili inapanda na kutawanyika kama matawi ya mti, na mwandishi kweli ameiita hali hiyo kwa jina la mti. Mlinganyo mmoja anaouita ni wa Mandelbrot. Benoit Mandelbrot alikuwa mwanahisabati aliyezaliwa Poland mwaka 1924, akafariki 2010. Kitu chenyewe si kigumu kukieleza: unachukua namba, unaizidisha kwa yenyewe, unaongeza namba fulani. Jibu unalirudisha mwanzo, unazidisha tena kwa lenyewe, unaongeza ile ile. Unarudia, unarudia. Namba nyingine zinakimbia kuelekea kusiko na mwisho, nyingine zinatulia. Ukichora zile zinazotulia unapata umbo ambalo ukingo wake kila ukiusogelea unakuta vijiumbo vinavyofanana na umbo lenyewe, na ndani yake vingine, bila kikomo. Kama ukili unaosukwa kuwa mkeka, lakini mkeka usiokwisha. Na wala hatuko mbali na mambo hayo: Mmarekani mmoja, Ron Eglash, aliandika kitabu mwaka 1999 kuonyesha hisabati ya namna hii kwenye vijiji vya Waila wa Zambia na kwenye misuko ya nywele ya Kiafrika. Binti wa Kaka, ukisukwa twende kilioni siku nyingine muulize msusi amehesabu vipi.

Kule kujituliza kwa namba nakujua. Chuoni walitufundisha kuhesabu dripu kwa kichwa. Lita moja ndani ya saa nane, seti ya matone 20 kwa mililita: mara 20, gawanya kwa dakika 480, unapata matone 42 kwa dakika kasoro kidogo. Siku hizi mashine inahesabu yenyewe. Lakini usiku mgonjwa akibadilika ghafla na moyo wangu ukaanza kwenda mbio, bado nahesabu matone hata kama hakuna dripu, kisha mikono inatulia na naweza kusikia mgonjwa anasema nini.

Na Binti ndicho anachofanya, anasikia. Kile kidude kinamwezesha kuelewana na Meduse, akaanza kuzungumza nao kupitia mlango. Kijana wao mmoja, jina lake Okwu, amejeruhiwa. Bila kutarajia inagundulika kwamba otjize, ule udongo wa kwao uliokuwa ukichekwa foleni, unaponya majeraha ya Meduse. Hapo ndipo anaanza kujua kwa nini wamekuja. Wasomi wa chuo kile kile anachokwenda walimkata mkuu wa Meduse mwiba wake, wakauweka kwenye makumbusho yao kama kitu cha kutazamwa. Meduse wanaufuata mwiba.

Sisi hatuhitaji kuelezwa sana hapa. Mkwawa alipojiua mwaka 1898 Wajerumani walikata kichwa chake. Kurudishwa kwa fuvu lake kuliandikwa hadi kwenye Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, na bado likarudi Iringa mwaka 1954. Miaka 35 toka mkataba! Leo liko Kalenga. Na huko Namibia, kwenye nchi ya Binti mwenyewe, Wajerumani waliwaangamiza Waherero na Wanama kati ya 1904 na 1908 na mafuvu yakapelekwa Ujerumani kupimwa na wasomi. Yalianza kurudishwa mwaka 2011, mengine 2014, mengine 2018. Waherero na Wahimba ni watu wa asili moja, lugha yao moja. Sijui kama watu wa nchi nyingine wakisoma habari ya ule mwiba kwenye kabati la kioo wanaona ni ubunifu wa ajabu. Mimi niliona ni taarifa ya habari.

Basi Binti anajitolea kuwa mpatanishi. Meduse wanamchoma mwiba mgongoni ili waweze kusema kupitia kwake, anafika chuoni, anawasimamisha wale maprofesa wa kila umbo, anazungumza, mwiba unarudishwa. Hata Okwu anapewa nafasi ya kusoma. Kitabu kilipata tuzo kubwa mbili za hadithi za namna hii, Nebula na Hugo, mwaka 2016.

Sasa nami nina neno langu. Wale wanafunzi waliokufa ndani ya chombo nani amewalilia? Mwisho ule ni wa haraka mno. Watoto wa watu wamelala sakafuni, wazazi wao hawajajua, na huku tayari mnafurahia Okwu kupewa udahili! Mimi nimeosha maiti, nimewapigia ndugu simu saa tisa usiku. Amani ya namna ile haipatikani kwa mkutano mmoja. Nilikuwa nimekasirika kweli mpaka nilipokipata cha pili (viko vitatu, hivyo vingine vilitoka 2017 na 2018). Kwenye cha pili Binti halali vizuri, anashtuka, picha za siku ile zinamrudia, na anaonana na mshauri wa kumsaidia akili itulie. Huyo mshauri jina lake Saidia. Haki ya Mungu, Saidia! Nikacheka peke yangu wodini, na nikamsamehe mwandishi.

Tena nikaenda kumtafuta huyo mwandishi ni nani, ndipo nikajua kwa nini ananigusa. Mnajua mimi niko wodi ya mifupa. Nnedi Okorafor alikuwa mwanariadha, mcheza tenisi. Uti wake wa mgongo ulikuwa unapinda, na akiwa na miaka 19 alifanyiwa upasuaji wa kuunyoosha. Alipozinduka alikuwa amepooza kutoka kiunoni kwenda chini. Ameandika yote hayo mwenyewe kwenye kitabu kilichotoka mwaka 2019. Pale kitandani ndipo alipoanza kutunga hadithi, akiandika pembeni mwa kurasa za kitabu cha Isaac Asimov. Baadaye alitembea tena, ingawa mwili haukurudi kama ulivyokuwa.

Mgonjwa aliyetoka kupasuliwa mgongo tunamzungukia kila baada ya muda mfupi. Unafunua shuka miguuni, unamwambia, sogeza kidole gumba. Unangoja. Kidole kikisogea unaandika, unakwenda kitanda kinachofuata. Kisiposogea unamwambia jaribu tena, kwa sauti ile ile, usoni huonyeshi kitu, huku miguu yako inajiandaa kukimbilia simu ya daktari. Nimeshangojea vidole vingi. Sikuwahi kufikiri kwamba katika wale wanaotazama dari wakati mimi natazama kidole, mmoja anaweza kuwa anatunga watu wa sayari nyingine.

Na lingine hili hapa, maana mtasema nimetunga. Mwisho wa kitabu mwandishi anamshukuru konyeza mmoja aliyemwona akiogelea Sharjah, kwenye khori ya Khalid. Hapa! Ni maji yale yale ninayoyaona basi likipita barabara ya Buhaira, karibu na msikiti wa Al Noor. Nimepita pale miaka nikiwa na usingizi wa zamu, sijaona kitu zaidi ya maji na taa. Yeye kaona konyeza mmoja, kaondoka na Meduse. (Halafu nyie wa Raskazone, konyeza akikuwasha si mkojo, wala si maji ya bomba. Suuza kwa maji ya bahari, toa mabaki ya mikia yake kwa kitu si kwa vidole vitupu, kisha kanda kwa maji ya moto yanayovumilika. Kupumua kukiwa kwa shida, hospitali mara moja.)

Haya. Kaka, sasa tuzungumze.

Nilisema nitaparudia pale Binti anapoondoka gizani. Watu wengi wanakisoma kitabu hiki kwa ajili ya vita na Meduse. Mimi kilichoniuma ni ule mlango wa nyumbani kwao kufungwa taratibu ili mtu asiamke. Kote anakokwenda anaubeba mlango ule. Akiogopa anawaza nyumbani hawajui niko wapi. Cha pili chote ni kwa sababu hiyo: anarudi kuonana nao, na ndugu zake wanamlaumu kwa kuondoka, kelele mpaka chakula hakiliki. Wale Meduse alipatana nao kwa siku chache. Hawa wa nyumba moja naye inachukua vitabu viwili.

Mimi niliagwa. Mwaka 2016 Baba alinisindikiza mpaka stendi Tanga, alfajiri, kabeba begi langu mwenyewe na mgongo wake ule mnaoujua, kakataa kumpa kijana wa mizigo. Hakusema mengi, mzee wetu si mtu wa maneno. Aliniambia ukifika, piga. Kisha akasimama pale mpaka basi likatoka. Usiku ule ule alikuwa amebishana na Mama, wala hakupenda niende, nyote mnajua. Alipofariki Aprili 2020 ndege zilikuwa zimesimama dunia nzima. Niliyaona mazishi kwenye simu aliyoishika Kaka, mara naona mbingu, mara naona miguu ya watu. Saa moja baadaye nilikuwa kazini, kwa sababu wodi zilikuwa zimejaa na waliokuwa wanaweza kusimama tulikuwa wachache. Watu wameniuliza niliwezaje. Sijui jibu zuri, najua tu kwamba nilikuwa nimeagwa. Baba hakunidai na mimi sikumdai.

Kwa hiyo sitamkataza. Mtoto ana Daraja la Kwanza, hisabati yake A, nafasi kaipata mwenyewe bila mjomba wala shangazi kumpigia mtu simu. Mkimzuia atabaki, ni mtoto mtiifu. Au hatabaki, atafanya kama yule wa kwenye kitabu. Na sitaki kuwadanganya kwamba atarudi huyu huyu. Binti nywele zake ziligeuka zikawa mikia ya Meduse, za buluu, zinajisogeza zenyewe, na alizipaka otjize hivyo hivyo. Mimi niliporudi likizo 2019 mlisema nimekuwa Mwarabu, mara natembea haraka, mara nakula daku isiyo ya Ramadhani saa kumi usiku, mara nanawa mikono kila nikigusa kitasa. Mama alinitazama siku tatu bila kusema kitu, ya nne akasema, mwanangu unacheka kwa sauti ndogo siku hizi. Ni kweli. Wodini usiku huchekwi kwa sauti kubwa.

Ninachoomba ni kimoja. Siku ya safari nendeni naye. Hata mwenye hasira aende na hasira yake, akae uwanja wa ndege amenuna, lakini awepo. Baba Mdogo, wewe hasa, kwa sababu anakuogopa kuliko baba yake, na zile dakika saba zako amezisikiliza pia (ndiyo, Kaka kamchezea). Mama Mkubwa amsuke kabla hajaondoka, mkono wake ninaujua, hauumi wala haulegei wiki tatu. Na tusimfanye ajifiche kufungasha.

Vitabu vyote vitatu nimempa mwenzangu wa Korogwe anayerudi likizo mwisho wa mwezi huu, atavipitisha kwa Kaka dukani. Ndani ya cha kwanza kuna bahasha, hiyo ni ya mtoto, msifungue, nitajua. Mama, akirudi huyo mwenzangu nitumie liwa na mafuta ya nazi ya Pangani, ila chupa usiijaze mpaka juu na uifunge na nailoni mbili, mara ya mwisho ilimwagikia vitenge vyote na nilivyovaa vile watu wodini walikuwa wananinusa wiki nzima wakiuliza nani kapika.